"Run" si Kukimbia

Ndugu zangu, wengine wenu mmenisikia nikilisema jambo hili zaidi ya mara moja. Nalisema tena kwa sababu kosa lenyewe, la kuitafsiri "run" ya Kiingereza kwa neno moja tu, bado linachapishwa.

Niliwahi kuletewa kijitabu cha huduma ya kwanza nipitie tafsiri yake kabla hakijachapwa. Kwenye ukurasa wa majeraha ya moto, Kiingereza kilitaka jeraha liwekwe chini ya "cool running water" kwa dakika 20. Kiswahili kikasema: "weka jeraha kwenye maji baridi yanayokimbia." Nikamuuliza mfasiri, yanayokimbia kwenda wapi? Akanifungulia kamusi yake ndogo akanionyesha: "run", kimbia. Sasa mfikirieni mama aliyebeba mtoto aliyeungua, kijitabu kiko mkononi. Maji yanayokimbia ni yapi? Ya mtoni? Anachotakiwa ni kufungua bomba na kuyaacha maji yatiririke juu ya jeraha dakika zote 20, maana maji yaliyotulia kwenye beseni hupata joto kutoka kwenye ngozi na kuacha kupoza. Neno "yanayotiririka" lingembebea agizo lote hilo. Nikafunua ukurasa wa pili. Kiingereza: mtoto akiwa "running a temperature". Kiswahili: "mtoto akiendesha joto". Ana homa, jamani! Maneno mawili, kila mtu anayajua.

Mtu ataniambia mfasiri huyo alikuwa mzembe. Hapana. Alifundishwa kama tulivyofundishwa wengi wetu: daftari lenye safu mbili, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, katikati alama ya sawasawa. Hiyo alama ya sawasawa ndiyo ninayopigana nayo miaka yote hii.

Toleo la pili la kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford lilitoka mwaka 1989, mabuku 20, na humo kitomeo, yaani neno na maelezo yake, kirefu kuliko vyote kilikuwa cha kitenzi "set". Wahariri walipoanza kuipitia upya kamusi hiyo, "run" ikaipita "set". Peter Gilliver, mmoja wao, alikaa na kitenzi hicho kimoja miezi tisa, akatoka na maana 645. Mtaalamu, miezi tisa, neno la herufi tatu. Sisi tunamalizana nalo kwa mstari mmoja wa daftari.

Wala msidhani miguu ndiyo iliyotangulia na maji yakaja kuazima neno baadaye. Wajerumani wana "rennen", kukimbia, na "rinnen", kutiririka, na yote mawili ni ndugu wa "run". Tangu Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa na mwendo wa mito. Kwa hiyo pua ikichuruzika, rangi ya kitambaa ikichuja, wino ukisambaa kwenye karatasi, Mwingereza anasema "run" na hajioni anatumia tamathali yoyote. Zilipokuja mashine, injini ikawa inarun, reli ikawa inarun, kisha kiwanda, kisha kampuni nzima, na leo programu ya kompyuta. Hapo Kiswahili kina "endesha", na "endesha" imetokana na "enda", si na "kimbia". Hata tumbo lililoharibika sisi tunasema linaendesha, na Waingereza ugonjwa huohuo wanauita "the runs". Lugha mbili zisizo na undugu zimekutana hapo, kila moja kwa njia yake.

Najua pingamizi linalokuja: mbona na sisi tuna "piga"? Tunayo, na nashukuru mmelitaja. Tunapiga simu, pasi, picha, kura, mswaki, magoti, chafya, mbizi. Je, kuna yeyote hapa aliyejifunza "piga" kwa kulinganisha na neno moja la lugha nyingine? Ulilijifunza likiwa na mwenzake. Ukisikia "piga pasi" huwazi kipigo hata kidogo, unawaza nguo. Basi kwa nini mtoto anayejifunza Kiingereza apewe "run" peke yake, bila wenzake? Mpe "run a business", kuendesha biashara, mpe "run a risk", kujitia hatarini, mpe "run a bath", kujaza maji ya kuoga, kila moja ikiwa nzima kama "piga pasi" ilivyo nzima.

Na "kimbia" yenyewe si nyepesi mnavyodhani. Mtu aliyekimbia vita hakuwa mwanariadha. Mume aliyemkimbia mkewe huenda aliondoka taratibu, kwa basi, na sanduku lake. Kwa hiyo hata pale mnapoona maneno haya mawili yanalingana, upande wetu nao una mizigo yake.

Uchaguzi. Marekani mgombea "runs", Uingereza mgombea "stands". Mmoja anakimbia, mwingine anasimama, na kazi ni ileile: wanagombea. Anayetafsiri neno kwa neno ataandika habari mbili tofauti kabisa kuhusu tendo moja.

Naona muda unanibana. Nilitaka kuzungumzia vihusishi kwa utulivu, nitavipitia mbio. "Run out", kuishiwa. "Run into", kukutana na mtu bila kutarajia, au kugonga kitu. "Run over", kumgonga mtu na gari, lakini pia kupitia hotuba haraka kabla ya kuitoa, na kuzidisha muda uliopangwa. Kihusishi kidogo kinageuza kitenzi chote, na maana moja haikufikishi kwa nyingine, kwa hiyo usibahatishe, tazama sentensi. Nomino sitaigusa: mbio za kuwahi kutoa fedha benki, mstari wa nyuzi zilizofumuka kwenye soksi, pointi za kriketi, vyote ni "run".

Kijitabu kile tulikirekebisha. "Fungua bomba, acha maji baridi yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20." Mfasiri aliiandika mwenyewe, kwa kalamu, baada ya mimi kumwomba afunge kamusi na anieleze angemwambiaje jirani yake. Naona mkono kule nyuma, karibu.