Punda wa Akani

NEEMA: Karibuni tena. Leo nilipanga visa vitatu vya mauaji katika Biblia, Finehasi, Shibolethi na Agagi, na somo moja kwa kila kisa. Lakini Alhamisi jumuiyani tumesoma Yoshua 7, na tangu hapo sijatulia.

YUSTO: Akani.

NEEMA: Akani. Mwisraeli huyu, Yeriko ilipotekwa na kuangamizwa, kachukua nyara zilizowekwa wakfu kwa Mungu, kaficha hemani: joho la Shinari, yaani Babeli, shekeli 200 za fedha na kabari ya dhahabu. Waisraeli 36 wameshauawa vitani kule Ai. Tukafika pale anapopelekwa Bonde la Akori kupigwa mawe, pamoja na wanawe, binti zake, ng'ombe, punda. Bibi mwenye nyumba, ambaye punda wake ndiye anayetuletea maji mtaa mzima, akauliza: "Punda kakosa nini?" Mwenyekiti akasema tuendelee na sala.

YUSTO: Kwa watoto watu hujitetea: labda walijua, mali ilifukiwa wanapolala. Punda humsingizii kitu.

NEEMA: Tena mstari wa 11 hausemi Akani ameiba. Unasema Israeli wametenda dhambi. Ukatili huu unatoka hapo: Mungu mmoja, agano moja, watu wamefanywa mwili mmoja. Mmoja akiharibu, wote wana hatia, mpaka mifugo.

YUSTO: Hapo kwenye Mungu mmoja, dada, sikubali. Soma maandishi ya kale ya Jiwe la Mesha, lililopatikana Dhibani, Yordani, mwaka 1868. Mesha, mfalme wa Moabu, anasema mungu wake Kemoshi alimtuma akautwae mji wa Nebo kutoka kwa Israeli. Akaua watu 7,000, wanawake kwa wanaume, akauweka mji wakfu kwa mungu wake. Ni Yeriko ile ile, ila mungu mwingine. Chanzo cha ukatili ni ardhi na wafalme.

NEEMA: Mesha aliua maadui. Akani ni mtu wa Yuda! Na Kutoka 32, Walawi wanapita kambini na panga, wanaua ndugu na jirani, watu kama 3,000, kwa sababu ya kuabudu ndama wa dhahabu. Huko hakuna ardhi inayogombewa.

YUSTO: Na Rahabu? Mkanaani, kahaba, ameokolewa na jamaa yake yote. Wagibeoni, wenyeji wa Kanaani, walikuja na mikate yenye ukungu wakijifanya wametoka mbali, wakaachwa hai.

NEEMA: Rahabu kwanza alikiri kwamba Bwana ndiye Mungu mbinguni na duniani. Wagibeoni wakafanywa wapasua kuni na wachota maji. Mlango upo, lakini unafunguliwa kwa masharti ya wenye nyumba.

YUSTO: Kumbukumbu la Torati 24:16, mtoto asiuawe kwa kosa la baba. Biblia yenyewe inampinga Yoshua.

NEEMA: Au Yoshua ndiye anayeipinga Torati, na hakuna anayemkemea. Watu wanatoka pale wanashinda vita.

YUSTO: Wasomi wengi wanaona vitabu hivi vilihaririwa wakati wa uhamisho wa Babeli. Yerusalemu imeteketea, taifa linaogopa kufutika. Mtu mwenye hofu hiyo anasimulia hivyo. Usimtwike Mungu mzigo wa hofu ya watu.

NEEMA: Hofu naielewa. Lakini waliposimulia, walisema Mungu ndiye aliyeamuru. Sisi tumesoma hivyo Alhamisi, mbele ya watoto, tukaitikia "Tumshukuru Mungu".

YUSTO: Mimi bado nasema ni wafalme.

NEEMA: Na mimi bado nasema ni agano. Fundi anatuonyesha saa, zimebaki sekunde chache.

YUSTO: Shibolethi je? Wale 42,000 waliouawa?

NEEMA: Hatuwezi. Finehasi pia hatujamgusa. Wiki ijayo njoo na jibu la Kutoka 32.

YUSTO: Nawe uje na la Mesha.