Mgeni Anapobisha Hodi Jukwaani

Ndugu wanafunzi na walimu wenzangu, asanteni kwa kunikaribisha. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo tumtazame mgeni anayekuja na maswali mikononi, na wenyeji ambao wengi wao hawana haja ya kupona.

Nimechagua tamthilia ya An Inspector Calls ya Mwingereza J.B. Priestley. Ilichezwa kwanza Urusi ya Kisovyeti mwaka 1945, London wakaiona mwaka uliofuata. Kisa chenyewe ni cha 1912. Hebu fikirini: watazamaji wa 1946 wametoka vitani juzijuzi, halafu wanamsikia Bwana Birling, tajiri mwenye kiwanda, akitamba mezani kwamba vita haitakuja na kwamba meli ya Titanic haizami. Mgeni hajabisha hodi, na sisi tumeshampima mzee huyu.

Anawausia vijana kila mtu ahangaike na lake na la nyumba yake. Hajamaliza, kengele ya mlango inalia. Anaingia Inspekta Goole: msichana aitwaye Eva Smith amejiua kwa kunywa dawa kali ya kuua vijidudu. Kumbe kila aliyeketi pale alichangia. Baba alimfukuza kiwandani kwa kuongoza mgomo wa kudai shilingi 25 kwa wiki badala ya 22 na nusu. Binti yake, Sheila, alimfukuzisha dukani kwa sababu gauni lilimkaa Eva vizuri kuliko yeye. Gerald, mchumba wa Sheila, alimweka kinyumba kisha akamwacha. Eric, mtoto wa kiume wa Birling, alimpa mimba. Mama naye akamnyima msaada kwenye chama cha hisani.

Nataka tukae kidogo kwa huyu mama. Anasema bila kutikisika kwamba wa kulaumiwa ni kijana aliyempa msichana mimba, na kijana huyo aadhibiwe hadharani. Sheila ameshang'amua, anamsihi mama anyamaze. Wapi! Mama anakaza kamba, mpaka mlango unafunguka na Eric anaingia. Inspekta wala hana la kuongeza. Hukumu ameitoa mama mwenyewe kwa mdomo wake, na hawezi tena kuimeza. Waigizaji wengi huharibu hapa kwa kupiga kelele. Mama huyu hana sababu ya kupaza sauti. Anaamini kabisa kwamba ana haki.

Lakini badiliko la mhusika msilitafute mgeni akiwa bado sebuleni. Mbele ya polisi nani asiyejuta? Inspekta anaondoka, Gerald anarudi kutoka matembezini na habari kwamba hakuna inspekta wa jina hilo. Wanapiga simu hospitali: hakuna aliyejiua siku hiyo. Baba anacheka, vinywaji vinamiminwa. Sheila na Eric hawacheki. Awe polisi wa kweli au wa uongo, waliyoyatenda waliyatenda.

Friedrich Dürrenmatt wa Uswisi, katika tamthilia ya Der Besuch der alten Dame (yaani Ziara ya Bibi Mzee) ya 1956, aligeuza mambo. Bibi tajiri anaurudia mji wake wa zamani na kuahidi bilioni moja iwapo Ill, mpenzi aliyemtupa ujanani, atauawa. Wenyeji wanakataa kwa heshima zote. Kisha wanaanza kuonekana na viatu vipya vya manjano, vya mkopo. Anayebadilika kuwa mtu ni Ill peke yake, aliyekubali kosa lake.

Nina ugomvi mmoja na Priestley. Eva hapewi hata mstari mmoja, na mtumishi Edna anaingia na kutoka bila kuulizwa anaonaje. Maskini anabaki kuwa kioo cha matajiri kujitazamia. Mkiuandaa mchezo huu, mtafutieni Edna nafasi, hata kama ni ya kusimama tu na sinia.

Karibu na mwisho Gerald anaona shari imepita, anamnyooshea Sheila pete ya uchumba: vipi, tuendelee? Sheila anajibu bado, ni mapema mno, lazima afikiri. Ndipo simu inalia: msichana amekufa akipelekwa hospitali, na inspekta yuko njiani. Watu husifu sana simu hiyo. Mimi naona imeandikwa kwa ajili ya baba na mama. Sheila hakuihitaji.