Mgonjwa Anayelishwa kwa Mpira Akiharisha, Msikimbilie Kusimamisha Chakula

Ndugu zangu mnaouguza nyumbani, na wauguzi wenzangu, asanteni kwa kufika. Leo tuzungumzie tumbo la mgonjwa anayelishwa kwa mpira wa puani, hasa wa kiharusi asiyeweza kumeza, aliyeruhusiwa hospitali mkakabidhiwa pamoja na sirinji na maelezo ya dakika chache.

Kinachowatisha wengi ni kuharisha. Mgonjwa akiharisha leo, kesho chakula kinasimamishwa, anabaki na maji matupu siku mbili tatu. Mwili uliokwisha kudhoofika unazidi kukonda, na vidonda vya kulalia havifungi. Kumbe mara nyingi kosa si la chakula.

Anzeni na dawa. Dawa nyingi za maji hutiwa utamu kwa sobitoli, nayo huvuta maji ndani ya utumbo. Mgonjwa anayepewa dawa za maji za aina kadhaa kwa siku anaweza kuharisha kwa sababu hiyo tu. Antibiotiki nazo huvuruga bakteria wema wa utumbo. Msiache dawa wenyewe. Mwulizeni mfamasia kama ipo ya namna nyingine. Wala msisage kidonge kabla ya kumwuliza, kwani vingine havifai kusagwa.

Kisha tazameni jikoni. Uji uliopikwa asubuhi ukaachwa mezani kwenye joto la Dar es Salaam hadi mchana haufai kuingia kwenye mpira. Chakula cha kusaga nyumbani kisikae nje zaidi ya muda wa saa mbili. Blenda ifunguliwe hadi kisu chake, ioshwe, ikauke. Kama uji una maziwa mengi, yapunguzeni mwone: watu wazima wengi wa kwetu hawasagi vizuri sukari ya maziwa, na mtindi huwakubali zaidi.

Na mwendo! Naona watu wanasukuma sirinji kana kwamba wanajaza upepo kwenye tairi. Toeni kisukumio, inueni sirinji, chakula kishuke chenyewe kwa dakika 20 hivi. Tumbo likijaa gesi, punguzeni kiasi cha kila mlo, ongezeni idadi ya milo.

Kuna kuharisha kunakodanganya. Mgonjwa hajapata choo siku kadhaa, halafu anaanza kutoa choo cha majimaji kidogokidogo. Huenda amefunga choo, na majimaji yanapenya pembeni ya kinyesi kigumu. Ukimpa dawa ya kuzuia kuharisha, unazidi kumfunga. Aonwe na daktari kwanza. Maji husaidia kuzuia hali hii: mililita 30 kabla na baada ya kila mlo husafisha mpira, lakini hazitoshi kwa mahitaji ya siku. Ulizeni kliniki mgonjwa wenu anahitaji kiasi gani.

Kutapika ni jambo jingine kabisa. Hapo simamisheni chakula mara moja, maana kikiingia mapafuni kinaweza kuua. Kichwa na kifua viinuliwe nyuzi 30 hadi 45 wakati wa kulisha na saa nzima baadaye. Kabla ya kila mlo hakikisheni alama iliyo kwenye mpira, pale unapoingia puani, haijasogea. Akikohoa sana au kupumua kwa shida, kinyesi kikiwa na damu, tumbo likiwa gumu, homa ikipanda au mkojo ukipungua, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Nendeni na daftari lenye saa za milo, dawa na choo. Daktari akilisoma, ataanzia hapo.