Neno refu la Kiholanzi: tafuta mshono wake kwanza

Shikamooni wakubwa, vijana hamjambo? Leo nazungumza hasa na nyie mnaowafuata wenzi wenu huku Uholanzi, mnaojiandaa na mtihani wa kuzungumza pale ubalozini.

Nilipofika, nilimuuliza dereva wa basi kama anapita ziekenhuis, yaani hospitali. Nikatamka zie-KEN-huis. Hakunielewa. Nikarudia kwa sauti ya juu, bado. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "ZIE-ken-huis!" Dereva akaitikia papo hapo. Neno ni lile lile, mkazo tu ndio ulihama.

Ulimi wetu umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Hata tukiunga maneno mawili ni hivyo: gari, moshi, gariMOshi. Nguvu inakwenda nyuma. Mholanzi huiacha mbele. Zieken ni wagonjwa, huis ni nyumba. Akiviunga, anakaza wagonjwa. Bima ya afya, ZORGverzekering. Daktari wa familia, HUISarts. Kile kipande cha pili usikimeze, kitamke chote, ila kwa nguvu kidogo.

Sasa hiyo huisarts, tuitazame vizuri. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo tunaiburuta ile s mbele: hui-sarts. Mwandishi wa Kiholanzi akifika mwisho wa mstari atakata huis-arts, palipo na mshono, yaani pale huis inapoungana na arts, daktari. Lakini nyumba zikiwa nyingi ni hui-zen, kwa sababu humo hamna mshono, ni neno moja tu.

Na ukikosea mshono, maana inapotea. Nina pakiti ya nyanya ndogo hapa, oneni: kerstomaatjes. Kata kers-tomaatjes, ni hizi nyanya ndogo kama tunda la cheri. Kata kerst-omaatjes, sasa ni vibibi vya Krismasi! Herufi hazijabadilika hata moja. Ndiyo maana nawaambia, mkiona neno refu msikimbilie kulisoma. Tafuteni kwanza maneno mnayoyajua ndani yake.

Turudi kwenye mkazo: yapo maneno yanayokwenda kinyume. Ofisi za mji ni stadHUIS, mkazo mwishoni. Na meya ni burgeMEESter, silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu kabisa.

Niandikieni hapo chini maneno yanayowasumbua. Video ijayo nitayakata na kuyatamka moja moja, polepole.