Taa Ndani ya Mchoro: Mwambao wa Kigoma kwa Macho ya Mchoraji

(Mhadhara kwa walimu na wazee, Ujiji)

Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, habari za asubuhi.

Kuna jambo linaniuma. Tukiwaambia watoto wachore maisha ya kijijini, wengi wanatuletea nyumba ya msonge, mama mwenye mtungi kichwani na mnazi pembeni. Mnazi, jamani, Kigoma hii ya michikichi! Mtoto hajachora kwao. Amekariri picha ya kitabuni, nasi tukampa alama zote.

Anayechora anachokiona hutuachia ushahidi bila hata kukusudia. Tazameni mchoro huu wa ufukwe wa Kibirizi, kazi ya penseli ya kijana wa sekondari. Mitumbwi ipo, nyavu zipo. Sogeeni muone taa. Ingekuwa karabai, tungeona tanki la mafuta, pampu na kioo cha mviringo. Hapa pana balbu zimefungwa kwenye mti, na waya unateremka hadi kwenye betri ndani ya mtumbwi. Kistari hicho kimoja cha penseli kina habari nzito. Muuza mafuta ya taa, aliyekuwa akiwangoja wavuvi jioni, kapungukiwa wateja. Anayechaji betri kapata kazi. Dagaa bado wanavuliwa usiku, na mbalamwezi ikiwaka watu wanapumzika vilevile. Ila hela inapita mikono mingine.

Halafu kina mama. Dagaa hawakuanikwa mchangani, wako juu ya chanja za waya. Mama mmoja ameinama anawageuza, mwenzake ana simu sikioni. Mnunuzi je? Hayumo. Zamani mchoraji asingeweza kumwacha, maana bei ilipatanwa uso kwa uso hapohapo ufukweni. Siku hizi anaweza kuwa Dar es Salaam, akatuma hela kwa simu na gunia likapakiwa bila yeye kukanyaga mchanga huu. Mimi huyu asiyeonekana ndiye ninayemtafuta kwanza katika kila mchoro, kwa sababu mabadiliko makubwa mara nyingi huonekana kwa nafasi iliyobaki wazi.

Nyumba nazo zinasema. Zikichorwa zimepangwa mstari kando ya barabara, hiyo ni Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyowahamishia watu katika vijiji vya pamoja, hata kama mchoraji kazaliwa juzi. Wazee mliopo hapa mnakumbuka kaya zilivyokuwa zimetawanyika, kila mji na migomba yake.

Mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa katika ziwa letu la Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Walimu, kama kuna daftari la mwanafunzi lenye mchoro wa miezi ile, wenye chanja tupu na mitumbwi iliyovutwa nchi kavu, nawaomba sana msilitupe. Andikeni nyuma ya karatasi tarehe, jina la kijiji na kitu alichokuwa akikitazama mtoto. Msimsahihishie mistari. Akichora betri kubwa kuliko mtumbwi, muulizeni kwa nini. Huenda nyumbani kwao betri ndiyo inayozungumzwa kila siku, imenunuliwa kwa mkopo.

Michoro mingine iko pale mezani. Naomba wazee waliovua kwa karabai watangulie kuipitia, na mwalimu mmoja akae nao na kalamu, aandike kila wanachokitambua na kila wanachokikosa.