Clumsy si mzembe: nimeamua kuwajibu

Haya ndugu zangu, habari za huko nyumbani. Leo sipiki wala siwatembezi mjini. Nimekaa hapa chumbani kwa sababu tangu niweke ile video ya kazi yangu ya hoteli huku Uingereza, nikataja neno clumsy, swali ni lile lile: "Dada, hilo neno clumsy maana yake nini?" Na wengine mmeshajibizana wenyewe: "Si mzembe tu huyo!" Jamani, sijaja kuwaonyesha kwamba najua Kiingereza, na sijaja kulia njaa. Nimeshasemwa kwa yote mawili, na yameniuma. Nimekuja kwa sababu neno hili limenilia pesa.

Ilikuwa Novemba 2025, na huku ni baridi. Pale kazini stoo ya glasi iko nje, lazima uvuke ua wa nyuma. Sikuwa na glavu. Nikabeba kreti la glasi za mvinyo, na kufika mlangoni vidole vimeshakufa ganzi, sijui kama bado nimeshika au nimeachia. Nilijua niliposikia mlio.

Msimamizi wangu, mama mtu mzima, akasema leo uko clumsy wewe, akachukua ufagio tukafagia wote. Hakuwa na hasira hata kidogo. Mwenye hasira nilikuwa mimi, maana kichwani nilisikia "mzembe". Ikaja fomu ya tukio, ina sehemu ya kueleza chanzo. Mimi nikitaka nionekane mkweli, na moyo bado unachemka, nikaandika kwa mkono wangu kwamba nilikuwa careless. Nikasaini.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Careless ndiye mzembe hasa: mtu aliyepaswa kuangalia, akapuuza. Hilo neno lina kosa ndani yake. Clumsy inasema tu kwamba mikono au miguu haikumtii mwenyewe: unajikwaa, unamwaga chai, unagonga kona ya meza. Waingereza wanajiita hivyo wenyewe kila siku na hakuna anayekosana na mtu. Hata maneno huwa clumsy. Mtu akiomba radhi huku sentensi zinamgongana, nia yake nzuri ila kauli imetoka vibaya, wanaiita radhi clumsy. Mtoto akidakishwa mpira ukamponyoka wanamwita butterfingers, vidole vya siagi. Wamarekani wana klutz, waliyoichukua kwenye Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, na asili yake ni gogo la mti.

Mimi sikuyajua haya. Baada ya wiki mbili ikaja barua ya onyo, imenukuu neno langu mwenyewe, na zamu zangu zikashuka kutoka saa 20 kwa wiki hadi 8. Mwenye viza ya mwanafunzi kama mimi haruhusiwi kuzidisha saa 20 wakati wa muhula, kwa hiyo ukitegemea kazi moja, ikipungua umepungukiwa. Wakati huo nililipwa pauni 12.21 kwa saa, piga mwenyewe: kwa wiki 244 zimekuwa 98, na kodi ya chumba haijui habari ya glasi. Halafu ndugu yangu wa tumbo moja ananitumia sauti usiku: "Uko Ulaya unashindwa laki mbili?" Nilizima simu nikalia. Nasema hivi ajue, kwa sababu najua anatazama.

Niliomba niambatishe maelezo mapya kwenye ile fomu. Nikaambiwa imeshafungwa. Nikaandika barua pepe mara tatu, nikajibiwa mara moja, na jibu lenyewe lilisema wamepokea.

Ila shida nyingine ni yetu wenyewe. Mtu akiangusha kitu nyumbani tunamwita mzembe, goigoi, mtepetevu, anaboronga. Karibu yote yanamshitaki tabia yake. "Mikono mizito" ndiyo inayokaribia, na hiyo hatuisemi mara nyingi. Ndiyo maana nilisikia tusi pasipo na tusi.

Sasa sikilizeni kilichonisimamisha pale maktaba ya chuo. Clumsy imeanza kuandikwa mwishoni mwa karne ya 16, na imetoka kwenye kitenzi cha zamani cha Kiingereza, clumsen, chenye maana ya kufa ganzi kwa baridi. Kufa ganzi! Yaani yule mama alisema kile kile kilichonipata mlangoni, mimi ndiye niliyeandika kingine.

Siku hizi fomu ikija naandika kilichotokea: baridi, mikono imekufa ganzi, sikuwa na glavu. Sijiiti jina lolote. Hayo ni yangu mimi, mkataba wako na bosi wako unawajua mwenyewe, msije mkasema nimewaponza.

Na wewe dada uliyeniandikia kwamba ripoti ya shule ya mwanao imesema clumsy: mwalimu hajamwita mzembe. Zamani hata madaktari walikuwa wakitumia neno hilo kwa watoto ambao mwili hauwatii wanapofunga vifungo, kuandika au kudaka mpira. Leo hali hiyo inaitwa dispraksia, na si uvivu. Nenda umuulize mwalimu ameona nini hasa, na umwone daktari. Kiboko ulichosema umekiandaa, kirudishe.