Mzunguko Mmoja, Digrii Moja: Kupani Kamera kwa Bolti na Matofali ya Kuchezea

Mbukwenyi! Asanteni. Mwenyekiti, walimu wangu, na nyinyi vijana mliokaa chini kwa kukosa viti, nawashukuru kwa kuja.

Nimekuja na kifaa hiki. Wa nyuma simameni mkione. Ni beringi ya pikipiki, matofali ya kuchezea ya Lego, bolti moja, nati na kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. Simu inakaa hapa juu. Kazi yake ni kupani, yaani kuigeuza kamera pole pole kutoka upande mmoja hadi mwingine, huku katuni yetu ikipigwa picha moja moja, kisha picha zinaunganishwa ziwe filamu.

Mwaka jana nilijenga mfano wa stesheni ya treni ya SGR ya hapa Dodoma kwa matofali haya. Nilitaka kamera imfuate mama mwenye kikapu cha zabibu, kutoka mlango wa behewa mpaka kwa bodaboda. Nikapiga picha 60, na kila baada ya picha naisogeza simu kwa kidole, kwa kukisia. Siku nzima. Usiku nilipoziunganisha, mama anatembea vizuri kabisa, ila stesheni yote inatikisika kama imepakiwa kwenye trekta. Niliumia sana, maana kazi ya mikono ilikuwa nzuri.

Twende kwenye hesabu. Wengi wetu tunapiga picha 12 kwa sekunde. Sekunde 5 ni picha 60. Kamera ikigeuka digrii 30 kwa muda huo, kila picha ina nusu digrii. Kidole hakipimi nusu digrii, jamani. Bolti inapima.

Bolti hii mafundi wanaiita namba 10, kwa ajili ya spana yake. Unene wake ni milimita 6, na meno yake ya kawaida yamepishana milimita 1. Nati nimeigandisha kwenye ubao. Nikiizungusha bolti mzunguko mmoja kamili, inasogea mbele milimita 1. Sasa tazameni huu mkono wa matofali uliofungwa kwenye beringi. Kinundu cha juu ya tofali la Lego na kinachofuata vimeachana milimita 8, popote utakapoyanunua. Kutoka katikati ya beringi hadi pale ncha ya bolti inaposukuma nimehesabu vinundu 7. Saba mara nane, milimita 56. Kwa urefu huo, mkono ukisukumwa milimita 1 unageuka digrii 1, na kinachozidi hakionekani kwa macho. Siku nilipoliona hili niliinuka mezani nikatoka nje kupunga hewa. Vipimo vya fundi wa gereji na vya toi la mtoto vimekutana bila mtu kuvipanga! Nusu mzunguko, nusu digrii. Kwenye kichwa cha bolti nimetia alama kwa rangi ya kucha ili nisipoteze hesabu.

Ila msivuke digrii 15 kila upande wa katikati. Mkono ukienda mbali zaidi, hesabu inaanza kupotea.

Na huu mpira msiudharau. Unauvuta mkono ubane kwenye ncha ya bolti muda wote. Bila mpira, unazungusha na kamera haisogei, halafu ghafla inaruka.

Sasa jambo ambalo wengi hawaliangalii: lenzi ndiyo ikae juu ya katikati ya beringi, si tumbo la simu. Lenzi ya simu iko pembeni. Ukiiweka simu katikati, lenzi inachora duara, inahama. Mtu wa Lego ana urefu wa sentimita 4 hivi. Lenzi ikihama sentimita 4, kwenye dunia yake ni sawa na mpiga picha kutembea urefu wa mtu mzima. Nguzo ya mbele itateleza mbele ya behewa, na mtazamaji atahisi kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hawezi kukitaja.

Mwendo nao usianze kwa nguvu. Picha za kwanza robo mzunguko, kisha nusu, na mwishoni rudi robo. Kichwa cha binadamu hugeuka hivyo hivyo.

Mwanga nitaupitia haraka: fungeni mapazia, washeni taa, na kwenye simu fungieni mwanga, rangi na fokasi visijibadilishe vyenyewe. Jua letu likipita nyuma ya wingu dogo tu, picha zinapepesa. Madirisha pia yafungwe; upepo wa Dodoma mnaujua.

Haya, stesheni iko pale mezani na mama wa zabibu yuko mlangoni mwa behewa. Binti mwenye kitambaa cha kijani, njoo uanze. Robo mzunguko, kisha toa mkono kabisa ndipo ubonyeze.